Isale Nililolichoma

Rau, Moshi
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Sesilia mwanangu,

Umekwenda Tarakea kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, maana shangazi yako hajawahi kumruhusu mgeni aondoke bila kula mara mbili. Nina saa kadhaa peke yangu na nitazitumia. Mambo ya mashuka, ya sanduku, ya nani atakupokea Dar es Salaam kwenye chuo chenu cha afya, nimeshakwambia mpaka ukawa unaitikia "ndiyo mama" kabla sijamaliza kusema. Siyarudii.

Naandika kwa sababu ya jana. Bibi yako alikuita uani, akapiga funda la pombe ya mbege, akakutemea kifuani kama anavyowabariki watoto wote wa ukoo huu wanapokwenda mbali. Ukatoa leso ukajifuta. Ukacheka, ukasema, "Bibi, hivi ndivyo vijidudu vinavyosambazwa." Masikio ya bibi yako unayajua, alidhani umeshukuru. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele, nikasikia, tena nikaona mdomo wako ulivyopinda upande mmoja. Nilitamani kukuzaba kibao. Nikashindwa, kwa sababu mdomo ule umeutoa kwangu. Nilikuwa nao nilipokuwa nesi kule Rombo, ndani ya sare nyeupe iliyopigwa pasi, na uliua watu.

Usiruke ukurasa. Sitakuhubiria, wahubiri tunao wa kutosha. Nitakueleza nilichofanya, halafu ufanye unavyotaka, kama mtu mzima anayepanda basi kesho.

Unakumbuka mwaka wa kipindupindu. Ulikuwa darasa la kwanza, shule yenu ikafungwa, ukafurahi. Shule ile ndiyo tuliyoigeuza kituo cha kutengea wagonjwa. Madarasa manne, vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, ndoo chini ya kila tundu, dripu zimening'inizwa kwenye misumari ya ramani. Nyuma ya madarasa tulichimba shimo moja la kuwazikia wote waliokufa. Kuzunguka uwanja tulifunga kamba ya katani, na ndani ya kamba ile alitawala Bwana Afya.

Jina lake silitaji, ana watoto. Alikuwa kijana wa mjini mwenye kalamu tatu mfuko wa shati, na ukiomba moja kusaini karatasi ya dripu unakuta zote hazina wino. Aliwaita watu wa kilima chetu "hawa wenzetu wa migombani". Alikuwa na usemi wake mmoja aliourudia kila asubuhi: "Adui yetu wa kwanza siyo kipindupindu, ni ujinga." Alikuwa anausema huku akijipiga ishara ya msalaba kabla ya kuingia wodini, na medali ya Bikira Maria ikicheza shingoni. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu medali. Mimi mwenyewe nilikuwa na rozari mfukoni mwa sare, nikiishika kila mgonjwa alipoanza kulegeza macho. Zile zetu zilikuwa imani. Walichokuwa nacho wagonjwa ndicho kilichoitwa ujinga.

Basi mimi, binti wa mgomba, niliyekula ndizi za machalari kwa mkono mpaka nikaenda shule ya bweni, niliupenda sana usemi ule wa Bwana Afya. Niliurudia kuliko yeye. Hakuna mtu anayewadharau watu wa kilimani kama aliyetoka kilimani jana. Yeye angeweza kuwacheka na bado akalala usingizi, kwa kuwa hawakumhusu. Mimi nilihitaji kuwacheka, ili pasiwe na mtu wa kunihesabu pamoja nao.

Siku moja Mama Yosefu alimleta mwanawe. Yosefu alikuwa akifanya kazi kule chini kwenye mashamba ya miwa, akarudi nyumbani akiwa amekwisha kukauka, macho yameingia ndani. Wanaume wanne walimbeba kwa machela ya miti, na mama yake akatembea mbele akiwasogeza watu njiani. Nataka ulijue hili: yeye ndiye mtu wa kwanza wa kitongoji kile kumleta mgonjwa mwenyewe, bila mgambo, bila vitisho. Watu walimtazama. Angerudi na mwanawe akitembea, kilima kizima kingetufuata.

Yosefu alikaa siku mbili. Siku ya pili aliniambia, kwa sauti nyembamba, "Sista, nikifa nisizikwe hapa." Nikamjibu, "Kunywa maji." Akasema, "Mwambie mama." Nikamwambia akina mama hawaruhusiwi ndani ya kamba. Hilo lilikuwa kweli. Kamba ilikuwa hatua thelathini kutoka kitandani kwake na mama yake alikuwa amekaa pale pale kwenye nyasi tangu asubuhi, na miguu nilikuwa nayo. Sikwenda. Alikata roho saa sita mchana.

Taarifa ilimfikia mama yake kwa mlinzi. Aliondoka, nikadhani amekwenda kulia kwao. Baada ya saa moja alirudi amejifunga kanga mpya, akasimama kwenye kamba, mkono mmoja umefichwa ndani ya kanga.

Sikumwamkia, Sesilia. Mwanamke aliyesuka ukili na mama yangu wakiwa wasichana, nami sikumpa hata shikamoo.

"Nesi," akasema, "nasikia Yosefu amemaliza."

"Ndiyo."

"Naomba nimchukue akalale karibu na baba yake."

"Haiwezekani. Ana kipindupindu."

"Mfungeni mnavyotaka. Mmwagieni dawa zenu. Kaburi nitachimba mimi kama wanaume wanaogopa. Lakini asilale kwenye lile shimo na watu asiowajua. Atatangatanga. Atakuwa hana kwao."

Bwana Afya alikuwa amesogea nyuma yangu kusikiliza. Wanakijiji nao walikuwa wamesogea upande wa pili. Nikasema kwa sauti ya kutosha wote, "Mama, maiti haina kwao. Maiti ni uchafu wa hospitali."

Ndipo akautoa mkono. Alikuwa ameshika isale.

Nyinyi mmekulia hapa Rau, mnaliona isale kama ua la kuonyesha mpaka wa shamba. Mimi sikukulia Rau. Nilijua vizuri kwamba mtu akikuletea jani lile amekwisha kujivua kila kitu, amebaki na ombi tu, na kwamba hata muuaji akilileta kwa ndugu wa marehemu husikilizwa. Babu yangu alilipokea kutoka kwa mtu aliyemvunja mguu. Nililijua, na ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Asiyejua angelikataa tu, akaenda zake.

Nilichukua koleo la kushikia pamba chafu. Nikalibana lile jani kutoka mkononi mwake, nikalibeba kwa mkono ulionyooka kama mtu aliyebeba panya aliyekufa, mpaka kwenye pipa la kuchomea taka. Isale bichi halishiki moto upesi. Lilijikunja, likatoa moshi mwingi mweupe, nami nikasimama pale nikilisukuma kwa koleo mpaka likaisha.

"Safi sana, Sista," akasema Bwana Afya. "Hiyo ndiyo elimu kwa vitendo."

Nilitabasamu. Mwanangu, nilitabasamu.

Mama Yosefu hakulia wala hakulaani. Alisema neno moja, "Haya," akageuka, na watu wakampisha.

Kesho yake hakuletwa mgonjwa. Kesho kutwa hakuletwa. Vitanda vikaanza kuwa vitupu, na sisi wasomi tukaangalia vitanda vitupu tukaona ushindi. Bwana Afya akaandika ripoti ya kwenda wilayani kwamba ugonjwa umedhibitiwa, kwa wino wa kuazima. Akaagiza mbuzi. Tulikula nyama kwenye baraza la shule, tumenawa mikono kwa klorini mpaka viwiko, tukazungumza habari za ujinga wa watu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wagonjwa wamekwenda wapi. Kipindupindu, kwa akili zetu, kilikuwa kimeliona jani likiungua kikaogopa, kikaondoka. Hapo sasa niambie ni nani aliyekuwa mshirikina.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alikuja shemeji yangu Karoli, mume wa mama yako mdogo Filomena. Alisimama nje ya kamba na nguo zenye udongo.

"Shemeji," akasema, "Filomena amefariki. Tumeshazika."

Unaambiwa siku zote kwamba mama yako mdogo alikufa kwa tumbo. Ni kweli, lilikuwa tumbo. Hujaambiwa yanayofuata, na mimi ndiye niliyewakataza wote wasikwambie.

"Kwa nini hukumleta?" nilimpigia kelele. "Ni mwendo wa robo saa! Dripu ninazo! Vitanda ninavyo!"

Karoli alikuwa akitazama miguu yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. "Nilitaka kumleta," akasema. "Alinishika shati. Alisema, usinipeleke kwa dada. Dada atanitupa shimoni kama Yosefu."

Nilikuwa nimembeba mgongoni yule msichana. Nilimfundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye majivu ya jikoni. Na siku aliyokuwa akikauka kwa kiu, kitu alichokiogopa kuliko kifo kilikuwa mimi.

Namna alivyoupata ugonjwa si siri tena. Mtaa wa juu kulikuwa na mzee mgonjwa aliyefichwa chumba cha ndani. Alipokufa walimwosha kama desturi, nguo zake zikafuliwa kwenye mfereji, na mfereji ule, kama unavyokumbuka, unapita shamba kwa shamba, kihamba kwa kihamba, kuteremka. Nyumba ya Filomena ilikuwa ya tatu. Zilikuwapo nyingine chini yake. Idadi sikuandikii. Ninaweza kuwataja wote kwa majina na kwa watoto waliowaacha, na hakuna ripoti ya wilaya iliyofanya hivyo.

Bwana Afya alipopata habari alisema, "Umeona sasa? Ujinga." Nikamwangalia yule mtu, mafuta ya mbuzi bado yako kwenye kola, na kwa mara ya kwanza nikajiona jinsi nilivyoonekana kutoka upande wa pili wa kamba.

Nilivua aproni. Nilikwenda kwenye kihamba cha baba yangu, nikakata isale mpakani, nikapanda kilima nalo mkononi mchana kweupe, watu wakinitazama kutoka migombani bila kunisalimia. Mama Yosefu alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi.

"Shikamoo mama."

Aliiacha shikamoo yangu ikining'inia. Alimaliza kumenya ile ndizi, akaiweka kwenye maji, akafuta kisu, ndipo akanyoosha mkono akalipokea jani.

"Isale halikataliwi," akasema. "Nimelipokea. Ukoo wangu hauna neno na ukoo wenu."

Nikaanza kulia na kumshukuru, kumpigia magoti, maneno mengi ya kijinga.

"Nyamaza," akasema. "Ukoo ndio uliosamehe. Mimi bado. Sasa sema kilichokuleta, maana hukuja kwa ajili yangu."

Nikasema nataka watu walete wagonjwa.

"Kwenu mtu akifa anakuwa uchafu," akasema. "Nani atamleta mtoto wake akawe uchafu?"

"Tufanyeje?"

Alinitazama kwa muda mrefu, Sesilia, kama unavyomtazama ng'ombe wa mnadani unayejua ni mgonjwa. Kisha akanieleza, kama anavyoelezwa mtoto. Mama wa mgonjwa akae kwenye kamba mahali anapoonekana kutoka kitandani. Mgonjwa akizidiwa, nesi atoke mwenyewe kuja kumwambia, asitumwe mlinzi. Atakayekufa akalale kihambani kwake. Wale waliokwisha kuzikwa shimoni, kila familia ilete udongo wa nyumbani kwake umwagwe pale, na majina yao yatajwe kwa sauti.

Nami nikamweleza yangu. Mwili usioshwe na usiguswe; tutaufunga sisi na kuumwagia klorini. Kaburi lichimbwe kwenda chini sana, mbali na mfereji. Kusiwe na chakula cha msiba. Nilidhani kuhusu kuosha atanifukuza. Akaita wazee wawili wa ukoo, akawaambia mwenyewe. Mmoja akauliza, "Asipooshwa atafikaje kwa baba zake?"

"Mvua itamwosha," akasema Mama Yosefu.

Basi. Sisi tulikuwa na mabango, kipaza sauti na mgambo, na hatukuweza kuizuia nyumba hata moja isioshe maiti. Yeye alitumia maneno mawili. Alizunguka kilima kizima akiyasema, kwa miguu yake, mwanawe akiwa ndani ya shimo letu.

Bwana Afya aliniuliza kama nataka kuendesha kituo au tambiko. Nikamwambia nataka wagonjwa, na kama yeye anataka vitanda vitupu nitamwandikia mkubwa wake nimweleze vimekuwaje vitupu. Hapo akakumbuka ripoti yake na mbuzi wake. Alikubali upesi, kama wanavyokubali watu wa aina ile wanapoona nafasi zao zinatikisika. Siku iliyofuata machela mbili ziliteremka kilimani, na baada ya hapo zikaja nyingine. Wengi waliondoka wakitembea. Waliokufa tuliwapeleka kwao, nami nilisimama kwenye kila kaburi na ndoo ya klorini wakati wazee wakisema maneno yao. Alikuja pia mtu mmoja kuuza maji ya mfereji ndani ya chupa za soda, akidai yameombewa. Nilimfukuza kwa mdomo, Mama Yosefu akamfukuza kwa fimbo. Kuheshimu watu hakujawahi kunizuia kumtambua tapeli.

Bwana Afya alipandishwa cheo. Nasikia siku hizi anafundisha kwenye semina namna ya kushirikiana na wananchi. Huenda akaja chuoni kwenu. Ukimwona, kaa mbele na umwazime kalamu.

Mwaka uleule nikaomba uhamisho. Nilikwambieni tumehamia Rau kwa sababu ya shule. Uongo. Nilishindwa kupita nyumbani kwa Karoli kila siku na kuwaona wale watoto wakiniamkia kwa heshima.

Najua utafundishwa kuandika kwenye faili, "Mgonjwa amekataa matibabu." Niliandika hivyo mara nyingi, kwa mwandiko mzuri. Filomena naye ningemwandikia vivyo hivyo. Ni sentensi ya mvivu. Kila ukiishika kalamu kuiandika, nenda kwanza ukamuulize mgonjwa anaogopa nini, na uwe tayari kusikia jina lako.

Nimalizie na jambo la mwaka jana. Mama Yosefu aliletwa wodini kwetu hapa mjini na homa ya mapafu. Nilimwona kabla hajaniona, amekuwa mdogo kitandani kama mtoto. Nilifurahi, na furaha ile ninaionea aibu mpaka leo, kwa maana nilijua ninachokifurahia: nafasi ya kuifuta ile "bado" yake. Nilitandika mwenyewe kitanda chake. Niliandaa sindano ya saa nane kwa mikono yangu, nikaja na trei.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Nimekuletea sindano."

Akafumbua macho. Alinitambua mara moja.

"Mwite mwingine," akasema.

Mdomo wangu ulijaa maneno. Nilitaka kumkumbusha kwamba nilipanda kilima, kwamba nilisimama makaburini, kwamba Filomena alikuwa mdogo wangu. Nilitaka kumwambia kuwa zamu ni yangu na kwamba nina miaka kumi na minane kwenye kazi hii. Wewe, kwa mdomo ule wa jana, ungemwambia asichague nesi kama anachagua nyanya sokoni.

Nilimwita mwingine, msichana wa Holili aliyeanza kazi juzi tu. Nikampa trei, nikatoka nje ya mlango. Alimchoma vibaya, nilimsikia Mama Yosefu akiguna. Sikuingia.

Alipona, wakaja kumchukua. Alipita mbele yangu kwenye korido akiegemea fimbo, na nikasogea ukutani apate nafasi.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama